Rapa wa Baba na Rapa wa Mchumba

Majina yao sitayataja. Nimejifunza kwamba ukitaja jina la rapa mbele ya Watanzania wawili hawakusikilizi tena. Mmoja anachukua upande huu, mwingine ule, na wewe uliyetaka kusimulia habari yako unabaki umeshika kikombe cha chai kinachopoa. Kwa hiyo mmoja nitamwita rapa wa baba, na mwingine rapa wa mchumba wangu. Wote wawili unawajua, na wote wawili umeshawaimba ukiwa unaoga.

Baba yangu ni mkulima wa kijiji cha Msanzi: mahindi, ulezi, maharage, na kanisani benchi la pili kutoka mbele. Ukimwona na kofia yake ya sufu huwezi kumdhania. Lakini ujanani alikuwa utingo wa lori la mahindi, Sumbawanga hadi Tunduma na kurudi, enzi za vumbi, na dereva wake alikuwa na kaseti moja tu. Mama anasema kaseti hiyo ndiyo iliyomharibu. Mle ndani kulikuwa na kijana aliyechana polepole, kila neno likafika lilikokuwa linakwenda, akisimulia habari za watu ambao hakuna aliyewahi kuwatungia wimbo: mpangaji anayetolewa vyombo nje, mlinzi anayesinzia kwenye geti la watu, msichana anayerudi kwao na mtoto mgongoni. Baba anasema kabla ya hapo alidhani ngoma hupigiwa wafalme na maharusi. Siku aliposikia ngoma inapigiwa mlinzi, alimwomba dereva aegeshe gari pembeni.

Rapa huyo alitoa nyimbo zake, chache, kisha akanyamaza. Hakufa, hakugombana na mtu, alinyamaza tu. Baba alimheshimu zaidi kwa hilo. Alisema mtu aliyemaliza maneno yake anafaa kukaa.

Mimi nilikulia ndani ya nyimbo hizo. Jioni baada ya chakula dada zangu walikimbilia kwa majirani kwenye televisheni, mimi nilibaki jikoni na baba. Kwanza ilikuwa redio ya kaseti, baadaye simu yangu. Wimbo ukiisha alikuwa akiniuliza, "Umesikia pale alipomwacha yule mama mlangoni? Kwa nini hakumwingiza ndani?" Nami nilijibu, na yeye alibisha, na moto ulizimika tukiwa bado tunabishana juu ya mama ambaye hajawahi kuzaliwa. Sijui watoto wengine walizungumza nini na baba zao.

Kisha nikaenda mjini Sumbawanga kushona, na huko nikampata mtu wangu. Ni fundi simu, kwao ni Kirando, ziwani, ukoo wa wavuvi wa dagaa, na ni mbishi. Naweka ubishi mbele kwa sababu ndicho kitu cha kwanza nilichokipenda kwake. Nilimpelekea simu iliyoingia maji, akaniambia haikuingia maji bali imeingia chai, tukabishana mpaka akaifungua na harufu ya tangawizi ikatoka. Alicheka, mimi nilinuna, na kesho yake nikapita tena bila simu mbovu.

Rapa wake ni wa namna nyingine kabisa. Huyo anakimbia. Pale ambapo wa baba anaweka neno moja na kulisubiri litulie, huyu anamimina maneno kama mtu anayemwaga mtama kwenye gunia, na kina kinazaa kina kabla cha kwanza hakijakauka. Anajisifu, anatania, anawachokoza wenzake, wiki inayofuata anawaalika studio. Amebadilika kila zama zilipobadilika. Vijana aliowainua sasa wana vijana wao. Mchumba wangu alikuwa akisema, "Wa mzee wako aliacha nyimbo. Wa kwangu ameacha watu." Nilikuwa nachukia kwamba ni hoja nzuri.

Nilitaka kuolewa na mtu huyu. Na nilitaka baba akubali kwa moyo, si kwa kuchoshwa. Baba yangu hasemi hapana. Yeye hunyamaza, na kimya chake kikishafungwa hakuna mwenye ufunguo, hata mama. Mchumba wa kwanza wa dada yangu mkubwa alikutana na kimya hicho, akasubiri, akasubiri, hatimaye akaoa Mpanda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwenye ukoo wetu anayetaka kuoa hasubiri siku ya tatu. Kabla washenga hawajatumwa, kijana huja na wenzake kulima siku nzima kwenye shamba la baba wa binti. Si kwamba baba ana shida ya vibarua. Anataka kuona mtu anavyoinama.

Mchumba wangu na wenzake wakaja mwezi wa tatu, ardhi ikiwa imelowa na nyasi zimefika magotini. Mchumba alileta kiroba cha dagaa wa Kirando kwa ajili ya mama, rafiki zake wa mjini, na spika moja ndogo yenye sauti kubwa kuliko adabu yake. Nilimwona baba akiitazama spika ile. Nikaanza kuomba kimoyomoyo.

"Shikamoo baba," akasema mchumba, amepiga goti nusu.

"Marahaba. Hicho ni nini?"

"Ni spika, baba. Kazi iende na muziki."

"Basi mwenye shamba ndiye anaanza," akasema baba, akanipa ishara niweke wa kwake.

Hapa inabidi nieleze matuta yetu, kwa sababu mtu wa Kirando hayajui, na wewe huenda huyajui. Sisi Wafipa hatulimi kwa mstari. Tunakusanya nyasi kwenye fungu, tunakata ardhi yenye mizizi na kuifunika juu yake, udongo pande zote, mpaka linakuwa tuta la mviringo, nyasi zikiwa tumboni. Huko ndani zinaoza, na mwaka unaofuata ndizo mbolea ya ulezi na mahindi. Tuta likifunikwa vibaya, nyasi zinachungulia, zinakauka badala ya kuoza, na umefanya kazi ya kumfurahisha panya.

Kwa rapa wa baba kazi ilikwenda. Neno, jembe, neno, jembe. Vijana wa mjini walikuwa wanatweta lakini matuta yao yalisimama. Baba alikuwa katikati yao akifuata mashairi kwa midomo, na mara moja moja akageuka kumtazama mchumba aone kama anasikia. Mchumba alikuwa anasikia. Hata alitikisa kichwa mahali panapostahili.

Jua lilipotoka kidogo baba akasema, kwa ukarimu wake, "Haya, wageni nao waweke wao."

Ndipo balaa. Rapa wa mchumba alipofunguliwa, vijana walipata nguvu kama wamekula sukari. Wakaanza kuchapa majembe kufuata maneno. Na maneno yalivyo mengi! Walikuwa wanakata vipande vidogo vya udongo, wanarusha, wanakata, wanarusha, wanacheka, wanaimba kiitikio kwa sauti moja. Kwa muda mfupi walifanya matuta mengi kuliko ya asubuhi yote. Mchumba alinyoosha mgongo akanitazama kwa majivuno, na mimi, mjinga, nikatabasamu.

Baba alipita katikati ya matuta yale polepole. Alisukuma moja kwa kidole cha mguu. Nyasi zikatokeza kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Akasukuma la pili, nalo hivyo hivyo.

"Huyu mtu wenu," akasema, "anawakimbiza. Wangu anakungoja umalize."

Vijana wote wakaangalia chini. Waliendelea na kazi bila muziki mpaka mama alipoita chakula.

Baada ya ugali na kuku, baba aliletewa chungu chake cha kimpumu. Ni pombe ya ulezi, unaimiminia maji ya moto na kuinyonya kwa mrija, na kazi ya kuleta maji ilikuwa yangu. Kwa hiyo nilisikia kila neno.

Baba alikuwa na furaha. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye mchumba alidai alitegwa. Hakutegwa. Baba aliona amepata mtu wa kubishana naye, akajiegemeza ukutani na kuanza. Akasema mchano ni kazi ya kuchagua, na asiyeacha neno hajachagua. Akasema wa kwake akikutajia mlinzi unamwona mpaka viatu, lakini huyu mwingine ukimaliza wimbo wake unamjua nani zaidi yake yeye mwenyewe?

Mchumba alianza vizuri. Alisema kujisifu nako ni habari ya watu, kwa sababu kijana asiye na kitu anayeimba kwamba ana kila kitu anatuambia anachokikosa. Alisema vina vile vinavyoingiliana si kelele, ni ufundi, na kama ingekuwa rahisi wangekuwepo wengi. Baba aliacha mrija. Macho yake yaliwaka. Nilikuwa nimesimama na birika, moyo unanidunda kwa raha, nikiwaza kwamba sasa wanaume hawa wawili watakaa hapa kila sikukuu wakibishana, na mimi katikati.

"Haya, kila mwamba ngoma huvutia kwake," baba akasema. "Lakini wewe ni mgeni wangu, niambie bila kuzunguka. Nani mkubwa?"

Rafiki mmoja wa mchumba alimvuta shati kwa nyuma. "Mshikaji, hapa ni ukweni," alinong'ona, na kunong'ona kwa vijana wa mjini kunasikika hadi barabarani. Mchumba akatazama viganja vyake, vimejaa malengelenge. Akatazama matuta yake yenye nywele. Akanitazama mimi.

"Wa kwako, baba," akasema. "Wa kwako ndiye mkubwa."

Baba alimtazama kitambo. Kisha akasema "Sawa," akainuka, akaenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Niliijua "sawa" ile. Nilikuwa nimeisikia siku ya yule aliyekwenda kuoa Mpanda.

Rafiki za mchumba waliondoka na gari la mizigo kabla ya giza. Yeye, kwa desturi, alilazwa kwa baba mdogo, nyumba ya pili. Nilimfuata hadi uani nikiwa nimefura.

"Kwa nini umesema vile?"

"Ni mzee, ni baba yako, nimelima vibaya shamba lake. Ulitaka niseme nini?"

"Ulichokuwa unasema kwangu kila siku."

"Kwako sina cha kupoteza kwa kubisha," akasema. "Kwake ninacho."

Jibu lilinigusa, na bado nilikuwa na hasira, nikamwacha amesimama na ndoo ya maji ya kunawa. Mama, aliyekuwa anaosha vyungu na ambaye huwaita marapa wote "wale wanaopayuka," alisema bila kuinua kichwa kwamba kijana amejibu kama mtu anayeuza kitu.

Baba alikuwa jikoni, mahali pake. Nilikaa mahali pangu. Nilingoja aniambie nimwekee wimbo, hakuniambia. Baadaye sana akasema, "Mama," maana ndivyo anavyoniita, nimebeba jina la mama yake, "mtu akimwacha rapa wake kwa sababu ya malengelenge, wewe atakuacha kwa sababu ya nini?"

Mimi ambaye nimembishia tangu sijaota meno ya ukubwani, nilichochea moto uliokuwa umeshazimika. Nililala nikiwa naogopa, kwa sababu nilianza kujiuliza swali lile mimi mwenyewe.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala hadi mlangoni, ule wa kwetu wa kulowesha kope. Nilikuwa nakoroga uji niliposikia ngoma kutoka shambani. Ilikuwa sauti ya chini. Baba naye aliisikia. Alivaa koti lake, akatoka, nami nikamfuata na mwiko wa uji mkononi, nimesahau kuuweka chini.

Mchumba alikuwa peke yake. Spika ilikuwa juu ya kisiki, na aliyekuwa anachana ni yule yule wa kwake, na maneno yake ni yale yale ya kukimbia. Lakini yeye hakukimbia. Alikuwa anabomoa matuta ya jana, anakusanya nyasi upya, anakata pande kubwa la udongo, analilaza taratibu, anakanyaga. Viganja alikuwa amevifunga matambara. Alikuwa ameshamaliza upande mzima, na matuta yale yalikuwa yamefunga kama vichwa vilivyonyolewa.

Hakutusikia mpaka tulipokuwa karibu. Akashtuka, akaamkia, akanyoosha mkono kuzima spika.

"Acha," baba akasema. "Jana wimbo huu uliwatia wazimu. Leo imekuwaje?"

"Jana tulifuata maneno, baba. Usiku nikauwaza. Maneno ndiyo yanakimbia, lakini ngoma iliyo chini yake haikimbii. Sikiliza." Akapiga paja kwa kiganja kilichofungwa, polepole, pa, kimya, pa. "Yeye mwenyewe anasimama juu ya ngoma ya polepole, ndiyo maana haanguki. Nikiifuata hiyo, nalima."

Baba aliinamisha kichwa upande, kama anavyofanya fundi wa magari akisikiliza injini. Nilimwona akiitafuta ngoma chini ya maneno. Nilimwona akiipata, kwa sababu kidole chake kilianza kugonga mpini wa jembe lililosimama pale. Nadhani ilimshangaza. Ngoma ile ilikuwa na mwendo ule ule wa mtu wake wa kwenye kaseti. Mmoja aliipanda akatembea, mwingine aliipanda akacheza. Alisikiliza hadi wimbo ukaisha, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia rapa yeyote mwingine.

"Jana ulisema wa kwangu ndiye mkubwa," akasema. "Leo unasemaje?"

Mchumba alinitazama. Sikumsaidia. Sikujua lipi ndilo jibu la kumwokoa, na hata ningejua nisingempa, kwa sababu nami nilikuwa nasubiri.

"Leo nasema jana nilidanganya," akasema. "Niliogopa, baba. Wa kwako ndiye aliyefyeka njia, bila yeye wangu asingekuwa na pa kupita. Nyimbo zake zikipigwa, nanyamaza. Lakini mkubwa ni wangu. Na hata ukininyima binti yako, mkubwa ni wangu."

Baba alinyamaza, na mimi nikakihesabu kimya kile kwa mapigo ya moyo wangu, nikitafuta kama kimefungwa.

Akanigeukia mimi. "Mama, ukimchukua huyu, mtakuwa mnanibishia wawili."

"Tutabishana watatu," nikasema, na sijui ujasiri ulitoka wapi, "kila mmoja na wake, baba. Mimi sipo upande wako wala wake."

"Una wako?"

"Ninaye."

Nikamwambia. Ni mwanamke. Alirekodi nyimbo mbili, tatu, nilipokuwa shule ya msingi, redio ikazipiga msimu mmoja wa mvua, kisha akapotea. Hakuna anayemtaja watu wanapopanga wakubwa. Hakuwa na vina vya ajabu. Lakini alichana kwa sauti yake ya kawaida, ya mwanamke aliyechoka na aliyekasirika, bila kujifanya mwanaume na bila kubembeleza, na mimi nilikuwa mtoto mwenye hasira nyingi ambaye kila mtu alimwambia atabasamu. Wateja wanaponiletea maneno yao mjini, sauti ninayowajibu nayo niliichukua kwake. Hajui, wala hatajua. Kama urithi ni nyimbo, ameacha kidogo. Kama ni watu, basi ameniacha mimi.

Baba alinisikiliza kama alivyousikiliza wimbo, hadi mwisho.

"Tangu shule ya msingi," akasema. "Na miaka yote ile jikoni, ulikuwa unasikiliza wa kwangu tu. Hukuwahi hata siku moja kuniomba niweke wako. Ulikuwa unampenda basi, huyu wa kwangu?"

"Ni mzuri, baba. Lakini nilikuwa nakaa na wewe."

Aliinama akashika jembe, akakata pande la udongo, akalilaza juu ya nyasi za tuta lililokuwa linasubiri, akalikanyaga. Akakata la pili. Mchumba wangu aliinama upande wa pili wa tuta lile lile, nao wakalima hivyo kwa muda, wakitazama chini wote wawili.

"Waambie wazee wako wapande huku kutoka ziwani," baba akamwambia, bado ameinama. "Waje Jumapili baada ya misa. Wasichelewe."